Tupeane uzoefu: msimu wa salfa na afya zetu huku Mtwara

Mtoa mada, Newala: Wakuu, habari za asubuhi. Nimeamka nimekuta bati la jirani njano tupu, nikamkumbuka bibi yangu wa Kitangari. Kuanzia Juni alikuwa analala amekaa, mito mgongoni, dirisha limezibwa kwa kanga iliyoloweshwa, na bado anakohoa mpaka jua linatoka. Si mnajua tena, salfa, ule unga wa njano wa kukinga mikorosho, inapulizwa alfajiri umande haujakauka ili unga unate kwenye maua, na saa hiyohiyo watoto wanapita njia ya mikorosheni kwenda shule. Nyie wenzangu mnaishi nayo vipi? Na maji ya mvua mnayokinga kwenye bati je?

Mwali wa Tandahimba: Macho, mdogo wangu. Macho! Ukiyafikicha tu umekwisha.

Kijana wa Mahuta: Kweli kabisa. Halafu mtoto anaokota bibo, lile tunda la mkorosho, chini, anafuta kwenye kaptura, anakula.

Mkulima wa Nanyamba: Jamani, salfa msiiseme vibaya. Bila salfa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakausha maua yote, na ada za shule mtalipa kwa fedha gani? Mzee wangu amepuliza tangu sijazaliwa, leo anatembea kwa miguu yake.

Mtoa mada, Newala: Kaka, hakuna aliyesema tuache korosho. Nazungumzia vifua vya watu.

Mkulima wa Nanyamba: Basi sema barakoa na miwani, usiseme salfa.

Bwana shamba mstaafu: Wanangu, msigombane. Salfa si sumu kali ukilinganisha na dawa za maji za kuua wadudu, lakini unga wake unawasha jicho, koo na ngozi yenye jasho, na mwenye pumu unambana. Mnachokisahau ni ardhi. Bakteria wa udongoni wanaigeuza salfa kuwa asidi, na mchanga wetu huu hauna nguvu ya kuipunguza makali. Mwaka hadi mwaka udongo unachachuka, unapanda karanga chini ya mikorosho unavuna maganda matupu. Pimeni udongo, kisha ulizeni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kuhusu chokaa ya kupunguza asidi kabla hamjalaumu mbegu.

Mama wa Masasi: Mnazungumzia unga, mimi niwaambie dawa ya maji. Mpaka leo nikisikia ile harufu mwili unanisisimka. Tulikuwa shambani kwa shemeji yangu, vibarua wa kupuliza wameshaondoka, wameacha dumu chini ya mkorosho. Mwanawe, wa darasa la pili, akalisuuza, akatekea maji, akanywa. Dumu lenyewe jeupe, lebo imebanduka nusu. Hatujafika nyumbani akaanza kulia tumbo. Mate yakawa yanachuruzika mpaka kifuani, jasho kama kamwagiwa ndoo, akajikojolea, kifua kikaanza kukoroma. Nikamfunua jicho, mboni imebaki nukta. Huyu analeta maziwa, yule mafuta ya kula, mwingine anataka ashikwe miguu atapishwe. Mama yake amekaa chini hawezi kusimama. Nikampakata kwenye bodaboda, mate yananilowesha mkono wote. Kituo cha afya, swali la kwanza: dumu liko wapi? Hakuna aliyelibeba! Bodaboda akalifuata shambani. Lilipoletwa mganga akasoma kile kipande cha lebo, akamchoma atropini, sindano ya kupambana na sumu hiyo, akasikiliza kifua, akaongeza tena. Tulikesha. Kulipokucha mtoto akaomba uji.

Mwali wa Tandahimba: Mungu mkubwa dada yangu. Nimelia.

Kijana wa Mahuta: Sasa hivi yukoje?

Mama wa Masasi: Mzima, anasoma. Wale vibarua hawajarudi hata kuuliza hali.

Mkulima wa Nanyamba: Pole sana mama. Lakini maziwa yanasaidia, sisi tulipewa na bibi tukapona.

Nesi wa zamu: Hapana, kaka. Maziwa hayaondoi sumu, na kumtapisha ndiko kunakopeleka dawa kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mlaze ubavu, mkimbize hospitali pamoja na chupa. Chupa ni muhimu!

Ruangwa: Huku kwetu Lindi ni zebaki ya wachimbaji. Dhahabu inachomwa kwenye jiko la mkaa nyumbani, mvuke wanauvuta mama na mtoto wa mgongoni. Baadaye mtu mikono inatetemeka, wanasema karogwa.

Kijana wa Mahuta: Ruangwa, hiyo ifungulie uzi wake, nitachangia.

Mtoa mada, Newala: Maji ya bati je, wakuu? Nikichemsha inatosha?

Nesi wa zamu: Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa. Mvua za kwanza geuza mfereji, maji yamwagike mpaka bati lioshwe.

Mwali wa Tandahimba: Umwage maji, nesi? Huku ndoo tunanunua!

Bwana shamba mstaafu: Usiyamwage, binti yangu. Yakinge pembeni ufanyie usafi wa choo, usiyanywe wala kupikia. Na dumu la dawa lisuuze mara 3 pale shambani, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe kitako lisiteke tena.