Picha za bendi kwenye kumbi ndogo za Glasgow: mistari myeusi na nyuso nyekundu, tufanyeje?

Gitaa_na_Lenzi
Wakuu, habari za jioni. Kuna bendi ya watu wanne hapa Glasgow, haina lebo, inajiendesha yenyewe. Alhamisi ijayo inapiga laivu kwenye ukumbi wa chini ya ardhi, watu wasiozidi 150, na wameomba picha. Kamera ni APS-C isiyo na kioo (sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya ukubwa wa kati), lenzi ni 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unapita). Picha za majaribio zilitoka na mistari myeusi iliyolala, na nyuso zimekuwa doa jekundu lisilo na pua wala macho. Zilipigwa kwa 1/500 ya sekunde, shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalofunguka na kufunga), ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, ya kujipanga yenyewe. Mistari inatoka wapi? Wekundu unatibika? Na kibali kinaombwa kwa nani?

Fundi_Mwanga
Mkuu, anza na hiyo shata ya kielektroniki. Izime kabla hujafika mlangoni.

Taa za LED za kumbi ndogo haziwaki mfululizo. Zinawaka na kuzimika mamia ya mara kwa sekunde, na fundi akizififisha ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kinachopunguzwa si ukali wa taa bali muda wa kuwaka. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, juu mpaka chini. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imewaka inatoka angavu, iliyosomwa taa ikiwa imezimika inatoka nyeusi. Weka shata ya kawaida ya pazia, 1/125. Umeme wa Uingereza ni Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa zinazofuata umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/100 inameza mpigo mzima na 1/125 inaukaribia. Kile kipengele cha kuzuia kupepesa kwenye menyu kinatambua mipigo ya 100 na 120 tu. LED zilizofifishwa kielektroniki kwa kawaida hakizioni, usikitegemee.

Sasa wekundu. Kwenye sensa, pikseli moja tu kati ya kila nne inaona nyekundu. Taa ikiwa nyekundu tupu, robo hiyo ndiyo inabeba picha yote: inajaa mpaka inafurika, huku kijani na bluu zikibaki karibu tupu. Kipimo cha kamera kinachanganya zote, kinaona giza, ISO inapanda, pua inapotea. Weka modi ya M, unayopanga kila kitu mwenyewe: f/2, 1/125, ISO 3200. Fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya mwanga kutoka giza kushoto hadi angavu kulia, angalia nyekundu peke yake. Ikigusa ukingo wa kulia, shusha ISO mpaka iachie, hata kama skrini inaonekana giza. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Cha gizani kinavutika baadaye, kilichofurika hakirudi.

Ile 18-55 iache nyumbani. Ukiivuta mpaka 55 inafungwa kwenye f/5.6, yaani inapitisha sehemu moja ya nane ya mwanga wa f/2.

Mama_Barua
Nijibu la kibali. Bendi huru andikia wenyewe moja kwa moja, wiki moja kabla, kisha wao wampe promota jina lako. Sisitiza liandikwe kwenye orodha ya mlangoni pamoja na maneno kwamba unaingia na kamera. Baunsa anafuata karatasi yake, barua pepe kwenye simu yako haimhusu.

Ile kanuni ya nyimbo tatu za mwanzo bila flashi utaikuta kwenye kumbi zenye uzio mbele ya jukwaa, kama Barrowland ya hapa Glasgow inayochukua watu 1,900 hivi. Kwenye kumbi ndogo za hapa Glasgow, chini pale Nice N Sleazy, chini ya Stereo, au Sneaky Pete's kule Edinburgh yenye nafasi ya watu kama mia, unasimama katikati ya waliolipa kiingilio. Uhuru ni mkubwa, na adabu lazima ilingane nao. Piga picha dakika mbili mbele ukiwa umepiga goti, kisha rudi pembeni wimbo ukiisha. Skrini ya nyuma izime, inawachoma macho walio nyuma yako. Flashi usiiguse kabisa.

Tena mkubaliane kwa maandishi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988, picha ni mali ya aliyepiga hata kama tiketi ilikuwa ya bure. Waruhusu kuzitumia mitandaoni kwa kutaja jina lako. Jalada la rekodi na fulana za kuuza ni makubaliano mengine, yenye malipo.

Dramu_Nyuma
Napingana kidogo na Fundi. 1/125 ni sawa kwa mwimbaji aliyesimama, kwa mpiga dramu vijiti vinageuka ufagio. Kwake panda 1/250, piga tatu tatu mfululizo, na ukubali kwamba baadhi zitakuwa na mistari.

Halafu fokasi. 50mm kwa f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwa mwimbaji, sehemu kali ni sentimita 12 hivi tu. Maiki iko mbele ya mdomo, kamera inaidaka hiyo, jicho linabaki ukungu. Tumia nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho, na usimame pembeni kidogo ili maiki isikate uso. Zima pia kile kitaa cha kusaidia fokasi, kinawamulika usoni.

Gitaa_na_Lenzi
Asanteni sana. Nyekundu ikikataa kabisa, nigeuze nyeusi na nyeupe?

Fundi_Mwanga
Geuza, ila vuta mwanga kutoka chaneli nyekundu, yaani sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo peke yake. Ukitumia mchanganyiko wa kawaida unachota kijani, ambacho ni chenga tupu. Na usikate tamaa mapema: subiri mwisho wa wimbo, mafundi wengi huwasha taa nyeupe watu wakipiga makofi.

Mama_Barua
La mwisho, la baridi. Ukitoka barabarani kwenye nyuzi 3 na kushuka kwenye chumba chenye jasho la watu mia, lenzi inapata ukungu papo hapo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo fika milango inapofunguliwa, hata bendi za ufunguzi utaziwahi, nazo mara nyingi hazina mpiga picha. Beba vizibo vya masikio, mbele ya spika ndipo utakaposimama.