Shimo la maramu Mukono: miche imedumaa, tufanyeje?

Kilima_Mukono: Habari wadau. Tuko Mukono, Uganda. Tuna shimo la ekari 2 hivi lililochimbwa maramu (udongo mwekundu wa changarawe wa barabara), limeachwa wazi. Mwezi wa Machi imepandwa miche ya miti ya musizi, musambya na gasiya (Senna), kila mche kiganja kizima cha mbolea ya DAP. Haifi, haikui, majani ni ya njano. Udongo wa juu upo, umelundikwa pembeni kupita kimo cha mtu. Muuzaji mmoja anatuletea pakiti za bakteria wa soya, wale wa kuongeza naitrojeni. Tununue kabla ya mvua za Septemba?

Kitalu_Masindi: Msinunue, ssebo (bwana). Bakteria hao ni wa soya. Musizi na musambya hata si jamii ya kunde. Gasiya ni ya jamii hiyo lakini haitoi vinundu vya mizizi wanamoishi bakteria hao, basi naitrojeni haiongezi. Tena gasiya ile ya aina ya Senna spectabilis ndiyo iliyouvamia msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda. Kama ni hiyo, ng'oeni mapema, mweke mugavu na kaliandra, miti ya kunde inayotoa vinundu.

Kinachokosekana hapo ni kuvu wa mizizi, mikoriza. Nyuzi zao hufika mzizi usikofika na kuleta fosforasi, ambayo kwenye maramu imeshikwa na chuma. DAP ikizidi, mti hauna haja tena ya kuwalisha kuvu hao, na ushirika unakufa.

Mizizi_Hai: Naongezea kuhusu ule udongo wa juu. Katikati ya lundo refu hakuna hewa, kuvu wengi wameshakufa. Chukueni sentimita 20 za nje, penye nyasi zenye mizizi hai. Mkilundika tena, lundo lisizidi mita 1.

Mbegu ya kuvu ipo chini ya musizi na musambya iliyostawi jirani. Pangua majani makavu, chota udongo wa sentimita 15 za juu pamoja na vimizizi vyembamba. Changanya sehemu 1 kwa 9 za udongo wa viriba (mifuko ya miche). Usianike juani, vimizizi vikikauka umepoteza kazi. Shamba la nyanya usiliguse, utahamisha minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi.

Kilima_Mukono: Na miche iliyokwisha pandwa?

Mizizi_Hai: Mvua ikianza, fukueni upande mmoja hadi mizizi ionekane, wekeni viganja 2 vya udongo huo wenye kuvu *uguse mizizi*, mfukie. Ukimwagwa juu tu, jua linaua. Pasueni kwanza ardhi kwa sururu, sentimita 40. Maramu iliyokanyagwa na malori haipitishi mzizi wala hewa.

Kitalu_Masindi: Kaliandra ikaguliwe baada ya wiki 8. Kata kinundu: chekundu ndani kinafanya kazi, cheupe au kijani hakifanyi. Kikiwa hakifanyi, pimeni pH (kipimo cha asidi ya udongo). Ikiwa chini ya 5, wekeni chokaa kabla ya kuongeza mche mwingine.