Tupeane uzoefu: watoto wetu, tyubu za magari na maji ya ziwa

Baba wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Likizo ya Desemba inakaribia na kwangu wapo wapwa wanne ambao tayari wanaulizia tyubu kila siku, hivyo naomba tukusanye hapa yaliyotukuta tukiwa majini na familia zetu, iwe ziwani au mtoni. Tafadhali tuache ya kusikia kwa jirani. Kila mtu aeleze lililomkuta yeye. Naanza mimi.

Mwaka juzi, saa tatu asubuhi, upande wa Luchelele, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, nilimkalisha mwanangu wa miaka 8 juu ya tyubu ya lori mahali ambapo maji yalinifika magotini. Ziwa lilikuwa shwari kabisa. Nilirudi kwenye mkeka kumenya machungwa, na nilipomaliza la pili nikainua macho, mtoto alikuwa amefika mbali kiasi cha hatua 40 na ananipungia mkono, akidhani kwamba muda wote nilikuwa namtazama. Hapakuwa na wimbi hata moja. Upepo mwepesi ulikuwa ukitutoka mgongoni, nami sikujua kwamba tyubu kubwa ikiwa juu ya maji hushika upepo kama tanga. Naogelea vizuri, lakini kila nilipoinua kichwa niliona pengo kati yetu limeongezeka, hadi vijana wawili wenye mtumbwi walipomfuata. Kilichomwokoa ni kwamba hakuruka.

Mzee wa Dagaa

Pole sana, mwanangu. Kijana asingebaki juu ya tyubu hiyo, leo ungekuwa unaandika mengine.

Nimevua dagaa upande wa Igombe miaka mingi, na upepo huo uliokutoka mgongoni naufahamu. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo tangu usiku hadi asubuhi upepo hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndio uliokuwa ukitusukuma sisi wenye tanga bila kuchoka kwa makasia. Jua likishapanda, kwa kawaida kuelekea saa tano au saa sita, hugeuka na kuvuma kuja ufukoni. Hata hivyo msiufuate kama saa ya ukutani. Mwanza ipo kusini mwa ziwa, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unaweza kuendelea kusukuma vitu kwenda nje hata mchana. Mimi hutazama moshi wa mama anayekaanga samaki pale ufukoni: ukilalia upande wa ziwa, wajukuu wangu wanacheza mchangani na tyubu inabaki kuwa kiti.

Mkiingia, fungeni kamba kwenye tyubu, na mtu mzima aishike mkononi. Msiifunge mwilini mwa mtoto. Penye matete na mafunjo msiweke mtoto kabisa, kwani huko kuna viboko na mamba, na wingu jeusi likionekana ziwani, hata likiwa mbali, tokeni kwanza ndipo mbishane.

Mama Watatu, Bwiru

Shikamoo Mzee wa Dagaa, na asante kwa hilo la moshi.

Langu halikuhusu upepo. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa amekaa kwenye tyubu kama tunavyokaa sote, makalio ndani ya tundu, miguu na mikono ikining'inia nje. Kaka yake alidandia upande mmoja, tyubu ikabiruka, na yule mdogo akabaki amebanwa vilevile alivyokaa, isipokuwa sasa kichwa kilikuwa chini ya maji na nyayo ndizo zilizokuwa juu. Maji yalikuwa ya kiuno changu tu. Nilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono, nikaigeuza tyubu, akatoka anakohoa huku amekasirika kwamba kaka yake hajaadhibiwa. Sikupiga kelele wala yeye hakupiga, na hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo: mtoto anayezama haiti mtu, kwa kuwa kinywa kipo majini.

Tangu siku hiyo, kwangu tyubu moja hukaliwa na mtoto mmoja, naye hulala kifudifudi juu yake badala ya kuketi kwenye tundu, akiwa amevaa jaketi okozi la kipimo chake. Kulijaribu ni rahisi: mfungie mikanda yote, kisha mvute juu kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, hilo ni la kaka yake.

Fundi Tairi

Kwa ufupi. Tyubu yenye kiraka cha zamani irudi barabarani, isiende ziwani. Msiijaze hadi ikakaza, kwa sababu jua la mchana hupanua hewa iliyomo. Kile kidude cha chuma cha kujazia upepo kifungwe kitambaa na kielekezwe chini. Nimeona mapaja yaliyochanika. Na tyubu nyeusi iliyoachwa juani imwagiwe maji kwanza, la sivyo inaunguza ngozi.

Tabibu wa Zahanati

Naunga mkono ya Mzee, ila nina tatizo na saa zake. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, takriban kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo anayesubiri upepo ugeuke saa sita anaukimbia upepo na kukutana na kichocho. Wanangu huingia baada ya saa tisa, penye mchanga mtupu, mbali na majani ambako konokono hukaa. Hatari haiishi, inapungua tu. Wala msikimbilie kumeza praziquantel kesho yake, kwa sababu dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Mje kupima baada ya wiki sita hadi nane.

Kuna jingine zito zaidi. Niliwahi kuletewa mtoto aliyetolewa majini, na wazazi walikuwa wamepoteza dakika kadhaa wakimning'iniza kichwa chini ili maji yatoke tumboni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini dakika hizo zilikuwa za bure. Aliyezama ameishiwa hewa. Asiyepumua alazwe chali, apewe pumzi tano mdomo kwa mdomo, kisha asukumwe kifua mara 30 na kupewa pumzi mbili, hivyohivyo bila kuacha, huku mtu mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Hata akizinduka na kuomba chakula, aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Binti wa Kagera

Mimi ni wa mtoni. Nilikwenda na binamu zangu Jinja, Uganda, Nile inapotokea ziwani, tukashuka kwa tyubu na mwongozaji. Kabla ya kuingia alitufundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ukianguka kwenye maji yanayokimbia, usijaribu kusimama, hata kama ni ya magotini, kwa sababu mguu hunasa kati ya mawe na maji hukulaza. Lala chali, nyayo zikitangulia na kuelekea chini ya mto, magoti yamekunjwa kidogo. Nilianguka, nikafanya hivyo, na nyayo zangu zilipiga mwamba ambao ungepigwa na kichwa. Kofia ngumu niliyokuwa nimeicheka asubuhi sikuivua hadi tulipopanda gari.

Baba wa Nyegezi

Nimesoma yote, asanteni. Jana nilinunua kamba ya manila ya mita 15 nikamwonyesha mke wangu. Akaniuliza ni nani atakayeishika nitakapokuwa namenya machungwa. Tumekubaliana yatamenywa nyumbani.