Naombeni ushauri: nilisema "natembea na Somoe", ukweni wamenielewa vibaya

Habarini wana jukwaa. Nipo Mtwara mjini, posa yangu ya Newala inataka kuvunjika kwa neno moja. Juzi Somoe, mdogo wake wa kike mchumba wangu, alishuka kununua vitu vya sherehe. Mji haujui, nikamzungusha sokoni kwa miguu. Mama mkwe akapiga, simu kaiweka spika, wazee wamekaa. "Uko wapi baba?" Nikajibu, "Natembea na Somoe, mama." Kimya, simu ikakatwa. Jioni mshenga ananiambia mjomba wao kasimamisha mazungumzo ya mahari. Mchumba ananiamini. Somoe amejieleza, wanasema ananificha. Simu zangu hawapokei. Nifanyeje?

Mwana Mikindani: Pole sana ndugu yangu. Kutembea hakuna kosa. Bibi yangu akija kwetu husema "nimekuja kutembea", tunampa mkeka. Mtoto akianza kutembea tunapiga vigelegele. Kilichokuponza ni hiyo "na" yenye jina la mtu mbele, tena bila kutaja mnakokwenda. Ungesema "tunatembea na Somoe hapa sokoni", ungepona. "Natembea naye" peke yake ni mapenzi, mzee yeyote atasikia hivyo. Siku nyingine sema mmeongozana, au unamsindikiza.

Mkulima wa Korosho: Mimi naumia kwa ajili ya binti. Mwanaume akisemwa "anatembea sana", watu watauliza kama ni dereva. Mwanamke akisemwa hivyo, jina limeshaharibika. Mjomba anaona mpwa wake kachafuliwa mbele ya wazee. Kabla ya posa yako, msafishe Somoe.

Mama Wawili, Lindi: Simu achana nayo, ndiyo iliyokufikisha hapo. Kwa Wamakonde mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo panda gari uende kwake, ukiwa na mshenga. Mshenga aanze, wewe kaa chini usikilize. Usiende kuwafundisha wazee Kiswahili. Omba radhi kwa neno lililowaumiza, kisha eleza mlikopita na mlichonunua.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Somoe naye aje?

Mama Wawili, Lindi: Aende na dada yake, wakae kwa mama yao. Usipande naye gari moja.

Mwenye uzi: Nimekuelewa, mama. Mshenga amekubali, tunaondoka kesho alfajiri. Risiti za vitenge ninazo.