Nyumba ya babu Old Moshi, nataka iingie kwenye orodha ya malikale. Naanzia wapi?

Mjukuu wa Kihambani

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimeulizia mpaka nimechoka.

Kule Old Moshi tuna nyumba ya babu, ya mawe, bati lile la zamani zito, sakafu nyekundu ya kung'arishwa, na juu ya mlango mtu kaandika 1938 simenti ikiwa bado mbichi, nadhani kwa kidole maana hiyo 8 imepinda. Babu alikuwa karani wa kahawa wa chama cha msingi cha ushirika na kabla godauni halijajengwa watu walikuwa wanaleta magunia yao pale barazani kwake. Ndoano ya mizani bado ipo kwenye boriti. Pembeni ya mlango kuna vistari vya penseli ukutani, vinne vinne na cha tano kimekatiza, safu kama kumi na kitu, na mbele ya kila safu kuna alama, moja mduara, moja msalaba, moja kama jembe. Utotoni tulikuwa tunakatazwa kugusa na hakuna aliyetueleza kwanini.

Sasa baba mdogo ndo kitindamimba, na mnajua kwa mila yetu nyumba ya babu ni yake. Amesema Desemba watu wakipanda huku kijijini kwa Krismasi wakute imepigwa plasta na rangi, halafu mwakani anavunja upande mmoja aweke vyumba vya wageni, si watalii siku hizi wanatembezwa migombani. Nikamwambia baba hiyo ni historia, akanijibu historia hainunui bati. Nimesikia serikali ikishaorodhesha jengo hakuna wa kuligusa. Nataka nipeleke jina kimya kimya kabla ya Desemba. Fomu inapatikana wapi?

Ngarenaro Damu

Kimya kimya 😂😂 yaani Mangi unamzunguka baba yako mdogo kwa Gazeti la Serikali. Anza kabisa kukata isale, lile jani letu Wachagga la kwenda kuombea msamaha.

Mama Kaloleni

Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya kumbukumbu na majengo ya kale miaka mingi kwa hiyo nikwambie ukweli hata kama haupendezi.

Hakuna fomu ya kujaza ukatulia. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, ikarekebishwa 1979, na imeweka mwaka wake: jengo la kabla ya 1863 linalindwa na sheria yenyewe bila mtu kuliombea. La kwenu limechelewa miaka 75. Msijisikie vibaya, karibu kila jengo kongwe la Moshi na Arusha liko upande huo huo wa kuchelewa, hata Boma la Wajerumani hapa Arusha ni la 1900. La namna hiyo linahitaji Waziri wa Maliasili na Utalii alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na ili afike huko Idara ya Mambo ya Kale lazima iwe imeshawishika. Kwa hiyo wewe huendi kujaza fomu, unaenda kushawishi. Barua, picha, ramani ndogo ya eneo, maelezo ya jengo, nani mmiliki. Na ukipitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu mzigo unakuwa mwepesi, maana barua ikifika Dodoma ikiwa na mtu wa huku anayeijua nyumba ni tofauti na barua ya mjukuu mwenye hasira.

Hapo kwenye "nani mmiliki" ndo kimya kimya yako inapofia. Watakuja kukagua, watagonga hodi, na atakayefungua mlango ni baba yako mdogo.

Lingine, usiandike kwamba babu alikuwa mtu mwema na nyumba ni nzuri. Kila mtu ana babu mwema. Nenda pale Kaloleni kaangalie Makumbusho ya Azimio la Arusha, ni kajengo ka kawaida kabisa, ukumbi wa mikutano, ukipita na daladala hugeuki. Lakini humo ndo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 na likatoka Azimio, mwaka 1977 kakafanywa makumbusho. Kanatunzwa kwa kilichotokea ndani. Ya kwenu iangalieni hivyo hivyo: KNPA, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianza 1925, KNCU, ule ushirika uliokirithi, 1933, nyumba ni ya 1938, yaani ilijengwa wakati Wachagga ndo wanajifunza kuuza kahawa yao kwa chama chao wenyewe. Barazani kwa babu yako hiyo habari ina ndoano na ina hesabu ukutani. Kwangu mimi huo ukuta una thamani kuliko nyumba nzima.

Mbali na Kibo

Niko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa na mtaa ninaoishi una nyumba kibao zenye vibao vya shaba, ngoja nichangie maana watu wanadhani huku kila kitu kinalindwa. Wana rejista ya taifa toka 1966, jengo kwa kawaida liwe limefikisha miaka 50 (tungetumia hiyo Moshi nusu ya mji ingeingia), na linaingia kwa sababu ya tukio, au mtu, au ujenzi wake, au yale ambayo eneo linaweza kutufundisha. Halafu wanauliza kama limebaki na sura yake, sio umeweka madirisha ya alumini na vigae halafu unaleta hadithi. Ila sikiliza mkuu: mwenye nyumba binafsi akikataa haiorodheshwi, na hata ikiorodheshwa, kwa rejista hiyo peke yake bado anaweza kuibomoa kwa hela yake, kinachomzuia ni sheria ndogo za mji wake kama zipo. Kwa hiyo hata huku ukigombana na mwenye nyumba umeshapoteza.

Dukani Double Road

Mimi naongea kama mtu aliyeumia. Mjini Moshi majengo mengi ya maduka ya Wahindi yalichukuliwa 1971 kwa ile sheria ya majumba yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye yakahamia Shirika la Nyumba, kwa hiyo kumjua mmiliki ni rahisi, sisi tuliomo ni wapangaji tu. Mwaka fulani tulijikusanya wapangaji kadhaa tukaandika barua kuhusu jengo moja lenye baraza la matao, tukapiga picha, tukapeleka ofisi moja sitaitaja. Tukaambiwa faili linafanyiwa kazi. Baada ya miezi nane nikaenda kuulizia, yule dada mapokezi akaniambia tuandike tena maana ile haionekani. Na hatukuwa na kopi hata moja! Mkuu kila karatasi toa nakala, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, ondoka nayo. Hilo tu ndo la kwangu.

Fundi Pasua

Mnaongelea Dodoma wakati adui ni plasta ya Desemba. Ukuta wa mawe wa miaka hiyo mara nyingi katikati umejengwa kwa udongo au chokaa, sio simenti. Ukipiga plasta ya simenti juu yake unyevu unakosa pa kutokea, baada ya misimu miwili ya masika plasta inavimba na kudondoka na uso wa jiwe, nimeitwa kurekebisha za hivyo sio chini ya mara nne na hakuna iliyorudi kama ilivyokuwa. Mwambie mzee kwa lugha ya hela, hiyo plasta ataipiga mara mbili. Kama anataka ing'ae apake chokaa, nje tu, na ule ukuta wa baraza wenye penseli auache. Penseli ukiigusa na brashi yenye maji imeisha.

Na vyumba vya wageni ajenge nyuma, kihamba, lile shamba la ukoo, si kipo?

Mjukuu wa Kihambani

Wakuu nimerudi. Nilikaa na maneno ya Mama Kaloleni siku mbili nimekasirika halafu jana nikampigia baba mdogo, sikutaja serikali kabisa, nikaanza na plasta kama Fundi alivyosema. Akanyamaza kidogo akauliza, huyo fundi wako anachukua shilingi ngapi kwa siku? Nikajua tumeanza kuongea. Vyumba vya nyuma hajakubali, anasema nyuma ndo makaburi ya wazee yalipo na kweli nilikuwa nimesahau, labda upande wa chini kwenye migomba.

Kubwa zaidi ni shangazi. Nilimuuliza zile alama, akacheka, akasema wengine hawakujua kusoma kwa hiyo kila mtu alijichagulia alama yake ili karani asije akamdhulumu. Jembe anamjua ni wa nani, mduara anamjua. Msalaba anasema walikuwa wawili na waligombana mpaka mmoja akaongezewa nukta. Nikamwambia shangazi ngoja nirekodi, akasema nije na sukari kwanza.

Kikao cha ukoo kimewekwa tarehe 27 Desemba, barua itasainiwa hapo na baba mdogo akiwa wa kwanza, akigoma basi haiendi. Jumamosi napanda kupima na kupiga picha kabla mvua haijaanza. Kuna mtu wa Moshi mjini ana futi ya mita 30 aniazime? Ya kwangu ni ya mita 5 na ina kutu.

Fundi Pasua

Ninayo. Njoo uichukue Ijumaa, uache kitambulisho.