Silaida za fremu kwenye pikipiki ya spoti: nitoboe feringi au nitumie bamba?

Swali

Habari zenu, wakuu. Nina pikipiki ya spoti ya silinda nne yenye feringi kamili (gamba la plastiki linalofunika mbele na ubavuni), na kabla sijaanza kuitumia kila siku nataka kuifungia silaida za fremu (vipande vinavyotokeza pembeni ili pikipiki ikianguka viguse lami kwanza) pamoja na kava za ziada za injini. Zipo seti za aina mbili zinazoingia: moja hupita katikati ya feringi, hivyo itanibidi nitoboe plastiki, na nyingine hutumia bamba la chuma lililokunjwa ambalo huizunguka feringi bila kuikata. Navutiwa zaidi na hiyo ya pili, lakini fundi mmoja ameniambia kwamba bamba likipigwa huweza kuharibu kishikizo cha injini. Je, hofu hiyo ina msingi? Na nikifungua bolti inayoshikilia injini, injini haitashuka?

Jibu la kwanza

Ina msingi, ndugu. Silaida iliyokaa kwenye mstari mmoja na bolti hulipeleka pigo moja kwa moja kwenye kishikizo cha injini, mahali ambapo fremu ni nene. Penye bamba, silaida huwa imekaa kando ya bolti, kwa hiyo pikipiki inapoburuzika bamba hugeuka kuwa wenzo: linataka kuzunguka, linakunjika kuelekea kwenye feringi au redieta, na bolti pamoja na hesi zake (mikato yake ya kuzunguka) hupata msokoto ambao hazikuundiwa kuubeba. Bamba nene, fupi, linaloshikwa na bolti mbili ni jambo jingine, na hilo nalikubali. La bolti moja silikubali kwenye pikipiki nzito kama hiyo.

Kutoboa si kazi ya kutisha. Funga silaida bila feringi, paka rangi kidogo kwenye ncha yake, kisha rudisha feringi taratibu mpaka iguse. Alama itabaki upande wa ndani. Bandika karatasi ya gundi juu ya alama, anza na tundu dogo, halafu panua kwa mwendo wa polepole ili plastiki isiyeyuke wala kupasuka. Acha nafasi ya milimita chache kuzunguka silaida, kwa sababu feringi hutikisika.

Tazama pia silaida yenyewe. Ya Delrin (aina ya plastiki ngumu) au nailoni huteleza juu ya lami huku ikilika, ilhali ya alumini tupu huelekea kung'ang'ania. Kichwa cha bolti kiwe kimezama ndani kabisa, la sivyo plastiki ikishalika chuma ndicho kitakachokwaruza barabara. Na usichukue ndefu kupita kiasi: inatosha itokeze kidogo nje ya feringi, kwani kila sentimita inayoongezeka huongeza nguvu ya kupinda bolti, na ndefu hujikwaa kwa urahisi kwenye udongo au ukingo wa barabara na kuibiringisha pikipiki.

Jibu la pili

Kuhusu injini kushuka: itashuka kidogo, kiasi cha kufanya bolti mpya igome kuingia, kama hukuitegemeza. Weka jeki yenye kipande cha ubao chini ya injini, mbali na mabomba ya ekzosi na filta ya oili, uipandishe mpaka iguse tu. Kisha fanya upande mmoja hadi mwisho ndipo uende wa pili; usifungue pande zote mbili kwa pamoja. Soma kwanza kitabu cha ufundi cha pikipiki yako, kwa kuwa baadhi ya fremu zina kola ya kurekebisha (pete yenye hesi inayoziba nafasi kati ya fremu na injini) nyuma ya bolti, yenye spana yake maalumu na mpangilio wake wa kukaza.

Pima bolti ya zamani na mpya kabla ya kufunga. Bolti ya chuma inayoingia kwenye alumini inahitaji hesi zilizoshikana kwa urefu wa mara 1.5 hadi 2 ya kipenyo chake. Kwa bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, hiyo ni milimita 15 hadi 20. Ianze kwa vidole, kisha malizia kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichoandikwa, na usitumie bolti ya daraja la chini kuliko ile iliyokuja na seti.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nitatoboa. Je, kava za injini nazo zina ulazima, au silaida zinatosha?

Jibu la tatu

Zina ulazima, na mimi ningeanza nazo. Silaida huokoa plastiki na fremu, lakini kava ya klachi au ya alteneta ikitoboka, oili humwagika mbele ya tairi la nyuma na safari imekwisha. Ndiyo maana katika mashindano ya dunia ya Superbike kava zenye oili hutakiwa kufunikwa na kava ya pili.

Zile zinazofungwa kwa bolti ndefu badala ya za asili, badilisha bolti moja baada ya nyingine, usizitoe zote, ili gasketi isiachie. Bolti hizo kwa kawaida ni M6 na hukatika kwa urahisi, hivyo zikaze kwa kupishana na kwa torki ya kitabu. Ukimaliza washa injini ipate moto, izime, kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye maungio yote kutafuta oili.