Nyuzi za chikichi zinaweza kushika udongo wa bondeni? Naomba ushauri (Ujiji)

Mtoto wa Ujiji: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina kiwanja upande wa bonde la Luiche, nataka nijenge jiko na stoo. Udongo ni mfinyanzi mtupu: mvua ikinyesha unang'oa ndala, jua likiwaka unapasuka hadi kidole kinaingia. Nimefyatua matofali 40, siku ya tatu 27 yana nyufa. Kwa mama kuna lundo la nyuzi za chikichi zinazobaki akishakamua mawese. Nikizichanganya zitasaidia? Na msingi nao niufanye hivyohivyo?

Fundi Tope: Zinasaidia, dogo. Udongo ukikauka unasinyaa. Ufa ukianza unakuta uzi umekatiza, unashikilia huku na huku. Ila hizo zina mafuta, udongo hauzikamati. Ziloweke kwenye maji ya majivu, suuza, anika, kata sentimita 2 au 3. Kwa kilo 50 za udongo mkavu anza na robo kilo, usipite nusu. Wapo wanaoshindilia kama wanajaza godoro, tofali linamung'unyika.

Kakonko Damu: Si uchome tu mkuu, mambo yaishe?

Mtoto wa Ujiji: Kuni za tanuru zima kwa ajili ya jiko? Hapana mkuu.

Mama Mise: Mwanangu, kwanza tia mchanga. Mfinyanzi mtupu hautulii hata uufunge kamba. Na uanike kivulini, siku mbili za mwanzo funika na majani ya mgomba.

Fundi Tope: Mama kamaliza. Msingi sasa, usithubutu. Nyuzi hazizuii udongo kunywa maji na kuvimba, na kwenye unyevu zinaoza. Chimba upite huo unaopasuka, jaza moramu (ule udongo wa changarawe), shindilia tabaka kwa tabaka, halafu jenga kwa mawe kwenda juu. Ukipata hela ya chokaa, hiyo ndiyo inapunguza kuvimba. Na paa lichomoze nje vizuri, mvua isichape ukuta.

Mtoto wa Ujiji: Mrejesho wakuu. Nimetia mchanga, nikafyatua matatu ya majaribio. Lisilo na nyuzi limepasuka katikati. La robo kilo lina ufa kama unywele, umeishia njiani. La kilo nzima (nilikuwa mbishi) nimelinyanyua, kona ikabaki mkononi. Sasa mama anauliza nani kamaliza nyuzi zake za kuwashia moto.